Sura ya Saba: Kiganja Juu ya Bawa

Kata ilikwangua kitako cha mtungi, ikanyamaza, ikakwangua tena. Jogoo walikuwa bado hawajawika. Hapa Newala sauti hiyo humwamsha mtu upesi kuliko hatua za mwizi, maana maji yetu yako bondeni, na kila tone lililomo ndani ya nyumba limepandishwa mlima juu ya kichwa cha mwanamke.

"Isabela," niliita kutoka kitandani. "Unachota ya nani?"

"Yangu, bibi. Ni yale niliyoongeza jana. Ya chai nimekuwekea pembeni, nimeyafunika."

Kweli alikuwa ameyafunika, tena kwa sahani ile nzito ili panya asiisukume. Mjukuu wangu huyu alilelewa na mimi tangu mama yake, binti yangu Mabel, alipofariki. Baba yake, mwalimu Edmund, alibaki Lukuledi na shule yake. Isabela akakulia kwangu, akashika cherehani, akawa fundi wa nguo mwenye vidole ambavyo hata pindo la hariri havilivuti uzi.

"Leo ndiyo mwisho," alisema, akifunga ngata ya kuwekea ndoo kichwani. "Nikimaliza kipande cha bawa la kushoto, itabaki kupaka nta tu. Twende wote, bibi. Mumeo ananiuliza kila siku uko wapi."

"Mume wangu au wako?"

"Tunagawana, mke mwenzangu. Wewe utakula, mimi nitapika."

Nikacheka, nikatafuta kandambili zangu.

Mume huyo tuliyekuwa tunagombania alikuwa Cuthbert, kijana wa Mnyambe. Serikali ilimpeleka Polandi kusomea mitambo, na huko akajifunza kuunda na kurusha ndege zisizo na injini. Alirudi hana habari nyingine. Ukimuuliza hali ya mama yake anakujibu, halafu anakuonyesha mwewe. Alikuwa akisimama pale ukingoni, mahali uwanda wetu unapokatika na bonde la Ruvuma kuanza, anawatazama mwewe wanavyoning'inia juu bila kupiga bawa.

"Unaona, bibi? Upepo unakuja umejaa nguvu, unagonga ukingo huu, unapanda. Mwewe anakaa juu yake kama wewe unavyokaa kitini. Mungu ametupa lifti na hakuna anayeipanda."

Kazi ya serikali ilimpotea, maana zilikuwa zile siku za kupunguzwa watu. Biashara ikafunguliwa, korosho zikaanza kununuliwa na watu binafsi, na ghala la ushirika pale karibu na ukingo likabaki la popo. Mwanangu Ambrosi, ambaye sasa alikuwa wakala wa mnunuzi mmoja wa Masasi, akalikodi. Kwa kuwa msimu ulikuwa bado, akamwachia Cuthbert funguo. Ilikuwa fadhila kubwa na ninaitaja, kwa sababu Ambrosi ni mwanangu na siyo yote aliyoyafanya yalikuwa mabaya.

Ndege ya kwanza ilikuwa ya mbao. Iliruka kama kuku, ikatua juu ya mhogo wa watu. Ya pili aliiumba kwa kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa gundi, ikakauka ikawa ngumu na nyepesi. Hiyo ilivutwa na Land Rover ya misheni, ikapanda, ikazunguka juu ya bonde mpaka wanawake waliokuwa kisimani wakaacha ndoo zao wakakimbia. Sisi tulipiga vigelegele. Yeye alishuka amenuna.

"Haitoshi," alisema. "Ya mashindano lazima iende mbali kuliko hii. Ukiiachia juu hapa, ifike Masasi bado ina nguvu ya kurudi nusu ya njia."

Kwa hiyo akaanza ya tatu, ya kupeleka mashindanoni Afrika Kusini. Mabawa yake yalikuwa membamba, marefu, na ajabu yake ilikuwa ulaini. Alisema upepo ukikuta kivimbe kwenye bawa hujikwaa, na ndege inazama. Nzi mmoja akigandia ukingo wa mbele ni hasara. Basi bawa lisuguliwe kwa msasa wa maji mpaka liteleze, na hapo ndipo alipokwama, kwa sababu viganja vyake vilikuwa vimekufa ganzi kwa gundi. Alikuwa na rula ndefu ya chuma, lakini rula huonyesha milima tu, haionyeshi vichuguu.

Nilikuwepo siku aliyouchukua mkono wa Isabela kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameleta turubai alilolishona. Cuthbert alimtazama vidole, akasema, "Samahani, dada," akaulaza mkono wake juu ya bawa, kiganja chake juu ya kile cha Isabela, wakateleza pamoja polepole kutoka shinani kwenda nchani. "Sema unaposikia kitu." Isabela alisema, "Hapa." Cuthbert akapiga msasa, wakarudia. Walipofika nchani hakuna aliyeondoa mkono. Mimi nikajifanya natafuta kitambaa changu cha pua.

Tangu siku hiyo msichana alishuka bondeni mara moja zaidi kila siku, kwa ajili ya maji ya msasa. Sikumsikia akilalamika. Yeye Cuthbert, kama wanaume wengi wa hapa, aliona ndoo imejaa akadhani ndoo ndiyo desturi yake kujaa.

Posa ilikuja. Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo hata mtoto wa Mnyambe anayechunga mbuzi hawezi kulifanya. Alimtuma mshenga Lukuledi kwa baba. Kwetu msichana ni wa mjomba wake. Baba hupewa heshima, lakini neno ni la mjomba. Mwalimu Edmund, mtu mpole, alifurahi akakubali. Ambrosi, mjomba mwenyewe, akapata habari sokoni, kwa muuza ming'oko, vile viazi vya porini.

"Posa imepita dirishani," aliniambia jioni ile. "Mama, nimekaa mlangoni, na posa imepita dirishani."

"Amesahau, baba. Amekaa Ulaya mno."

"Gundi yake hajaisahau. Njia ya ghala langu hajaisahau."

Nilidhani hasira itapoa.

Tulifika ghalani kukipambazuka. Cuthbert alikuwa amelala chini ya bawa, akaamka mbio akanikunjia gunia juu ya kigoda nisikae pagumu. Hilo alilifanya kila nilipokwenda, hakuacha hata mara moja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekonda. Huyu mke mdogo hakulishi?"

"Ananilisha. Mimi ndiye ninayesahau kumeza."

Alicheka, lakini hakumtazama Isabela. Hilo niliona. Macho yake yalifika kwenye ndoo, yakafika kwenye mikono ya msichana, yakarudi chini. Isabela hakuona, au aliona akafikiri ni uchovu. Alikuwa amekwisha lowesha msasa. Akaanza kusugua, kidogo kidogo, kwa mviringo, akiimba puani. Maji yalitiririka meupe kama maziwa. Kila baada ya muda aliacha, akafumba macho, akapitisha kiganja. Nilimtazama nikawaza kwamba hivyo ndivyo mama hupapasa paji la mtoto mwenye homa.

"Karibu litaisha," alisema. "Cuthbert, njoo usikie."

"Mimi sisikii kitu. Wewe ukisema limeisha, limeisha."

"Basi unapenda niseme lini?"

"Sema tu likiisha," akajibu, na sauti yake ilikuwa kavu.

Mlango wa bati ukaburuzwa. Ambrosi aliingia na kofia yake ya pama, sigara haijawashwa mdomoni. Nyuma yake nje niliona mkokoteni wa magunia matupu.

"Shikamoo, mama. Mbona umetoka na baridi hii? Miguu yako!" Aliinama akaifunika kwa khanga yangu vizuri, mwanangu. Kisha akanyoosha mgongo, akaitazama ndoo. "Haya ndiyo maji ya nyumbani kwangu?"

"Ni yangu, mjomba," Isabela alisema. "Shikamoo."

"Marahaba. Watoto wangu wanaoga kwa kikombe, na tela linaoga kwa ndoo."

"Si tela, mjomba. Ni ndege."

"Kitu kisicho na injini kinachovutwa na gari huitwa tela. Hili limeota mabawa tu." Akawasha sigara. Cuthbert akasema kwa unyenyekevu, "Mjomba, hapa kuna gundi, moto..." Ambrosi akaizima papo hapo kwa vidole, akaomba radhi. Kisha akamgeukia Isabela akamtazama kwa muda, na nikaona kitu kinamjia usoni ambacho sikukipenda. Kilikuwa furaha.

"Kumbe bado unasugua," alisema. "Hajakwambia?"

Isabela akasimamisha mkono. "Kuniambia nini?"

"Mjomba," Cuthbert alisema. "Tulikubaliana nitamwambia mimi."

"Tulikubaliana utamwambia. Hatukukubaliana azeeke kwanza akisugua." Ambrosi alikaa juu ya kreti. "Isabela, mama, sikiliza. Dickson wa Masasi, yule mwenye malori, amenijia mimi. Amenijia mlangoni, na amevua viatu. Mimi nikaja hapa kwa huyu bwana. Nikamwambia, korosho zinaingia, ghala nalitaka. Lakini ukiiondoa posa yako, nakuachia nusu ya ghala mpaka ndege yako iondoke. Ghala au msichana. Nilidhani ataniomba siku za kufikiri. Nilidhani atanipiga hata ngumi, ningemheshimu. Alijibu sigara yangu haijashika moto."

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka nchani mwa bawa. Hakuna aliyeyafuta.

"Cuthbert," Isabela aliita. Hakupandisha sauti. "Mjomba anasema uongo?"

"Hapana."

"Lini?"

"Isabela, nisikilize kwanza. Nikihamisha ndege sasa itavunjika, sina pengine pa kuiweka. Nilitaka nikashinde. Nikirudi nimeshinda, mjomba mwenyewe angenifungulia mlango. Ningeanza upya, kwake, kwa adabu. Dickson asingekuwa amekuoa bado. Ningewahi."

"Nimeuliza lini."

"Tulipomaliza bawa la kulia."

Msichana akaligeukia bawa la kushoto. Akalitazama kutoka shinani mpaka nchani, lote lile refu, kama mtu anayetazama njia aliyoipita usiku na sasa anaiona mchana.

"Kwa hiyo bawa hili lote nimelisugua nikiwa si mchumba wako."

"Moyoni mwangu ulikuwa..."

"Usiniletee moyo. Maji haya nimeyapandisha mlima. Shingo yangu hii. Ungeniambia siku ile, ningeendelea?"

"Nilijua usingeendelea."

"Basi ulinyamaza kwa ajili ya bawa."

Cuthbert angeweza kudanganya. Nilimwombea adanganye, Mungu anisamehe. Lakini alikuwa mkweli kwa namna ile ya watu wa vipimo.

"Ndiyo," alisema. "Lakini pia nilitaka uendelee kuja. Niliogopa asubuhi ambayo hutakuja."

Ambrosi akacheka. "Umesikia, mama? Mtu huyu kila kitu anakitaka kwa bei ya kimoja."

"Ambrosi, nyamaza," nilisema.

"Mama, mimi nimefanya nini? Nimemwekea vitu viwili mezani. Amechukua kimoja. Mwizi ni nani?"

Isabela alikuwa anaifuta mikono yake kwa pindo la khanga, kidole kimoja kimoja. Alipoikausha alifanya jambo ambalo hatukulitazamia. Alilisogelea bawa, akafumba macho, akaweka kiganja. Alianza shinani. Alikwenda taratibu, na Cuthbert akamfuata nyuma, mikono imening'inia, uso wake umejaa tumaini la kijinga, kama mtoto aliyepigwa anayedhani sasa atapewa uji. Kati ya shina na ncha, Isabela akasimama. Akarudi nyuma kidogo. Akaenda mbele. Akakunja uso. Akafumbua macho.

"Nini?" Cuthbert aliuliza.

"Kuna kivimbe."

"Wapi?"

"Kidogo sana. Kwa macho hutakiona. Rula yako nayo haitakiona."

"Wapi, Isabela? Nionyeshe. Lori la kuichukua linakuja, nionyeshe tu, nitalisugua mwenyewe."

"Upepo utakuonyesha."

"Isabela, tafadhali." Alimshika kifundo cha mkono, kwa upole bado, akajaribu kuulaza mkono ule juu ya bawa kama siku ile ya kwanza. Vidole vya msichana vilikunjika vikawa ngumi. Walisimama hivyo, ngumi juu ya bawa, mkono uliokufa ganzi juu ya ngumi.

"Umechagua bawa," Isabela alisema. "Kaa nalo. Mzungumze."

Akautoa mkono. Akajitwika ndoo, maji yaliyobaki yakiwemo, akatoka nayo. Alimpita mjomba wake pale kwenye kreti bila kumtazama wala kumuaga.

Nilimwona mbele yangu njiani chini ya mikorosho, anatembea upesi, maji yanamrukia mgongoni. Mabibo ya kwanza yalikuwa yameanza kuanguka, yakinukia utamu wa kulevya. Nilimwita, akanisubiri. Hata katika hali ile alinisubiri, akanichukulia kandambili iliyokatika ukanda.

"Mama," nilimwambia, maana tunawaita hivyo wajukuu tunapowaonea huruma. "Kivimbe hicho kiko wapi?"

Alitazama mbele. "Hakuna, bibi."

"Hakuna?"

"Bawa lile limelainika kama shavu la mtoto aliyezaliwa jana. Limeisha. Nilikuwa nasema neno hilo hilo mjomba alipofungua mlango. Nilikuwa na neno mdomoni, bibi. Limeisha." Akaanza kucheka. "Atakitafuta. Viganja vyake havisikii. Atakitafuta mpaka atajua shingo inavyouma."

"Ataliharibu, Isabela."

"Na mimi niliponyamaziwa, hakuna kilichoharibika?" Akanishika bega. "Ukimwambia, bibi, sitakutafutia tena kuni wala maji. Sitakuita bibi."

Sikuapa. Nilimwambia miguu yangu inauma, tukaenda nyumbani. Maji aliyamimina mtungini, polepole, tone lisimwagike, kisha akakaa chini akauegemea mtungi akalia.

Dickson hakumpata. Isabela alimwambia mjomba wake mbele ya wazee, kwa heshima zote, kwamba kama yeye ni bidhaa basi arudishwe kwa mwenyewe, na basi la Masasi likamchukua mpaka Lukuledi kwa baba yake. Ambrosi akakaa kwenye kigoda changu cha jikoni jioni nzima. Kabla ya kuondoka alinipasulia kuni. Nilimwandalia ugali, hakula. Hakuna aliyepata alichokitaka katika biashara ile, na yeye ndiye aliyekuwa ameweka bei.

Nami nilikaa na neno langu. Mpishi wa misheni, Yuster, aliniambia kijana hali, halali, anasikika anasugua mchana kutwa. Nikavumilia. Kisha asubuhi moja nikashindwa. Nikachota maji kwenye kidumu kidogo, sehemu yangu ya kuogea, nikaenda. Nilikuwa nimeamua. Nitamwambia: mume wangu, hakuna kitu, acha, umedanganywa, panda lori uende. Isabela anikasirikie. Mimi ni mzee, hasira za wajukuu nimezizoea.

Magunia ya korosho yalikuwa yamejaa ghalani mpaka karibu na ndege. Vumbi lake lilikuwa kila mahali. Cuthbert alikuwa amepiga magoti chini ya taa ya chemli ingawa jua limekwisha toka. Aliponiona aliruka, akatafuta gunia, akalikunja, akaliweka juu ya kigoda.

"Bibi! Shikamoo. Umekuja!"

"Marahaba."

"Bibi, nimekipata."

Nilisimama na kidumu mkononi. "Umepata nini, baba?"

"Kivimbe. Isabela alisema kweli. Kilikuwa hapa, tazama, hapa hapa alipokunja uso." Alinivuta kwa furaha. Kati ya shina na ncha, palikuwa na mahali pamesuguliwa mpaka gundi yote imekwisha. Chini yake kitambaa kilikuwa kimefunuka, nyuzi zimekatika, nyeupe, na katikati palikuwa na tundu ambalo kidole changu kingepita. Lingeweza kuwa jeraha la mtu. "Ilibidi niingie ndani sana kukitoa. Ni kazi kuziba, najua. Lori limeondoka bila mimi, si kitu, mashindano hayaishi, watafanya mengine. La maana nimekipata. Kwa mikono hii hii, bibi! Gusa."

Aliushika mkono wangu mkavu akaulaza pale. Nilipapasa nyuzi zilizokatika. Neno nililokuja nalo lilikuwa mdomoni. Ningelitoa, angejua kwamba alilitoboa mwenyewe bawa lililokuwa zima, na kwamba yule msichana alimtazama machoni akamdanganya. Nililimeza. Sijui kama ilikuwa huruma.

"Umefanya kazi," nilisema.

"Umeleta na maji." Alikitazama kile kidumu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikaona anakipima uzito kwa macho, kutoka bondeni mpaka pale. Akakipokea kwa mikono miwili. "Ni ya kwako haya. Umeyabeba mwenyewe." Akakiweka chini taratibu sana. "Yeye hajambo?"

"Hajambo. Yuko Lukuledi."

"Mwambie nimekipata. Mwambie sitamsemesha kama hataki. Apitishe kiganja tu, aseme limeisha." Alinisindikiza kati ya magunia mpaka mlangoni, amenishika kiwiko nisijikwae. "Na wewe, bibi, usinitupe. Uje tena. Uje naye."